Moto Mdogo Ndio Niliokuwa Nikiutafuta

Bia yangu ya kwanza niliipikia jikoni, juu ya jiko lile lile la gesi linalotumika kuchemsha chai ya asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa lita nane tu, sikuona upungufu wowote. Upungufu ulijitokeza siku nilipopata sufuria ya lita 40 na kuamua kwamba sasa nitapika kiasi cha kutoa lita 20 za bia kwa mkupuo mmoja. Kwa upishi wangu, hilo humaanisha kuanza na lita 27 hivi za maji ya kimea, yaani maji matamu yanayopatikana kwa kuloweka nafaka iliyooteshwa, kwa sababu sehemu yake hupotea kwa mvuke na nyingine hubaki chini pamoja na mashapo ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Nilichuja kimea kikiwa kwenye nyuzi 67, nikaiweka sufuria juu ya kichwa kikubwa kuliko vyote vya jiko, nikafungua koki hadi mwisho, nikasubiri. Baada ya saa moja na robo kipimajoto kilisoma 96, na nusu saa baadaye kilisoma 96 vilevile. Nilipofunika sufuria, maji yalianza kutokota. Nilipofunua, yalitulia kana kwamba yamenuna.

Kufunika hakukuwa suluhisho. Mpika bia huchemsha maji ya kimea bila kifuniko, au akiacha sehemu kubwa wazi, kwa sababu kimea kikichemka hutoa dimethili salfaidi, kemikali yenye harufu ya mahindi yaliyochemshwa, ambayo inapaswa kuondoka na mvuke. Ukiifungia ndani, inarudi sufuriani pamoja na matone yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko. Hopsi nazo huhitaji kuchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima, ndipo zitoe uchungu wake sawasawa, na protini za kimea huhitaji msukosuko wa maji yanayochemka ili zigandane na kuzama. Bia ya siku ile ilikuwa na ukungu na harufu ya mahindi. Niliinywa mwenyewe, lakini sikumkaribisha mtu.

Laiti ningekaa chini na kalamu kabla ya kuwasha moto, ningejua mapema kwamba jiko lile halikuwa na uwezo huo. Lita moja ya maji inahitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Lita 27 kutoka nyuzi 67 hadi 100 zinahitaji basi kama kilojuli 3,700. Kichwa kikubwa cha jiko la kawaida la nyumbani hutoa kilowati tatu hivi, lakini chini ya nusu ya joto hilo ndiyo inayoingia kwenye sufuria. Inayobaki hupanda pembeni na kupasha hewa. Ukichukulia kwamba kinachoingia ni kilowati 1.2, hizo kilojuli 3,700 zinahitaji dakika zaidi ya 50, hata kama sufuria isingepoteza joto hata chembe, na sufuria hupoteza. Lakini pigo lenyewe liko kwenye mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunagharimu kama kilojuli 2,260, kwa hiyo ukitaka kupunguza lita tatu kwa saa, ambacho ni kiwango cha wastani kwa sufuria yenye upana kama wa hiyo yangu, unahitaji kilowati 1.9 ziingie majini bila kukatika muda wote wa kuchemsha. Jiko langu halikuwa nazo za kutoa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naamini wengi hulifanya, nalo ni kuruka kutoka kwenye upungufu hadi kwenye ziada. Nilitafuta jiko lenye moto mkali kuliko yote niliyoweza kuyapata, nikanunua lile la tundu moja, ambalo gesi hutoka kwa presha kubwa kupitia tundu dogo katikati na kupanda juu kwa mkondo mmoja. Lebo yake ilisema BTU 150,000 kwa saa. Watengenezaji hupenda kipimo hiki kwa sababu namba zake ni ndefu. Ukigawanya kwa 3,412 unapata kilowati, na jiko langu likawa la kilowati 44. Muuzaji aliniambia, “Kaka, kwa jiko hili hutasubiri tena.” Alisema kweli, na mimi sikumuuliza swali la pili.

Nililiwasha uani siku ya kwanza kwa maji matupu, na sauti yake ilikuwa ya kunguruma kiasi kwamba mke wangu alitoka ndani kuuliza kama kuna lori limesimama nje. Maji yalichemka kabla sijamaliza kupanga vyombo. Nikajiona nimefika. Siku ya pili nilipika bia yenyewe, na maji ya kimea si sawa na maji matupu: yanapokaribia kuchemka, protini zake hutengeneza povu zito ambalo hupanda kwa ghafla kama maziwa, na dawa yake ni kupunguza moto upesi na kwa kipimo hadi povu livunjike lenyewe. Nilipokamata koki na kuizungusha kidogo, moto haukuonyesha dalili ya kupungua. Nilipozungusha tena, ulirudi nyuma ndani ya bomba kwa mlio wa kishindo, ukawaka humo humo kwa rangi ya njano, kisha povu likamwagika juu yake na kuuzima, huku gesi ikiendelea kutoka kwa sauti ya kufoka. Nilikimbilia kwenye mtungi nikafunga. Lita mbili au tatu za maji matamu yanayonata zilikuwa zimetapakaa juu ya jiko, miguuni mwangu na kwenye mpira wa gesi.

Hilo ndilo lililonifundisha swali ambalo ningepaswa kumuuliza muuzaji. Kila jiko lina moto mkubwa ulioandikwa kwenye boksi, na lina moto mdogo ambao hauandikwi popote, nao ndio moto wa chini kabisa linaoweza kuushikilia bila kuzimika, kurudi ndani ya bomba au kugeuka njano. Moto mkubwa unautumia kwa robo saa. Moto mdogo au wa kati unakaa nao saa nzima. Jiko langu la tundu moja halikuwa na moto mdogo wa maana. Lilikuwa kama gari lenye gia ya mwisho peke yake.

Lilikuwa na kasoro nyingine pia, ambayo niliigundua nilipoosha sufuria. Katikati ya kitako palikuwa na doa jeusi, pana kama kisahani cha kikombe, lililoganda kiasi cha kukwanguliwa kwa kijiko. Mkondo mmoja wa moto hupiga sehemu moja ya sufuria, na sukari iliyoko hapo huungua wakati pembezoni bado kuna uvuguvugu. Nami niliongeza kosa juu ya kosa, kwani siku ile nilimimina kimea cha sharubati, kile kizito kama asali, bila kuzima moto kwanza. Kilizama moja kwa moja hadi kwenye doa lile. Tangu hapo kila ninapotumia kimea cha sharubati huzima jiko, hukoroga hadi mwiko usiburute tena kitu chochote kizito chini, ndipo huwasha upya. Bia ile ilikuwa na ladha ya moshi ambayo hakuna hamira inayoweza kuiondoa.

Kisha likaja suala la mtungi. Nilikuwa nikitumia mtungi mdogo wa kilo sita. Katikati ya upishi wa tatu moto ulianza kunywea, ukazidi kunywea, mpaka maji yakaacha kutokota. Nikaamini gesi imekwisha. Nilipoushika mtungi ili niufungue, vidole vilinasa kwa baridi: sehemu ya chini ilikuwa imevaa ukungu mweupe wa barafu, na ukungu huo uliishia kwenye mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Nilipoutikisa, nilisikia kimiminika kikicheza ndani, na mstari wa barafu ulikuwa ukionyesha kimo chake.

Maelezo yake si magumu. Gesi ya mtungini ni kimiminika, na ili igeuke kuwa hewa inayowaka inahitaji joto, ambalo hulivuta kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Kilo moja ya gesi hii hutoa kama kilowati 12.8 kwa muda wa saa moja, kwa hiyo jiko la kilowati 44 likifunguliwa lote hula kilo tatu na nusu hivi kwa saa. Mtungi mdogo hauna eneo la kutosha kupokea joto kwa kasi hiyo. Hupoa, presha hushuka, na moto hudhoofika wakati gesi bado imo. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri na propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana mtungi wenye butani nyingi husumbua zaidi ukipoa. Wapo wanaoupasha mtungi kwa moto ili kuuamsha. Hilo ni jambo la kulipuka nalo, na sitalizungumzia zaidi ya hapo. Njia iliyo sahihi ni kutumia mtungi mkubwa zaidi, au jiko linalokula kidogo, na kwangu yote mawili yalikuja kuwa jibu.

Kabla sijanunua jiko la tatu niliapa kwamba sitanunua kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi. Rafiki yangu mmoja, mpishi wa shughuli, alikuwa na jiko la chuma cha kusubu lenye pete mbili, moja ndani ya nyingine, kila pete ikiwa na koki yake na matundu madogo madogo yaliyozunguka. Uwezo wake ulikuwa kilowati 10, yaani chini ya robo ya lile langu, na nilimwambia wazi kwamba nadhani litakuwa dogo. Alicheka akaniambia, “Ndugu yangu, wewe unachemsha maji au unayeyusha chuma?” Akaniazima kwa siku mbili.

Nililijaribu kwa maji matupu, lita 27, sufuria yangu mwenyewe, uani kwangu, kwa sababu jiko hubadilika tabia kulingana na sufuria na upepo. Nilianza kuhesabu dakika maji yalipofika nyuzi 67. Yalichemka baada ya dakika 18. Kisha nilizima pete ya nje na kuacha ya ndani, nikaona kutokota kunapungua hadi viputo vya katikati tu. Nikawasha tena ya nje kwa moto wa chini, na maji yakaanza kujigeuza polepole kutoka katikati kwenda pembeni, namna ile hasa ninayoitaka. Niliyaacha hivyo saa nzima. Nilipopima, maji yalikuwa yamepungua lita tatu na kidogo. Nilikuwa nimeuweka mtungi kwenye mizani kabla na baada, na gesi iliyotumika haikufika kilo moja. Kwa jiko la tundu moja, upishi wa kiasi hicho hicho ulikuwa ukinilia karibu kilo mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya moto wake ilikuwa ikipita pembeni mwa sufuria na kwenda zake.

Huo moto wa pembeni una hasara zaidi ya gesi. Ulikuwa umeyeyusha uso wa plastiki wa kipimajoto nilichokifunga ubavuni mwa sufuria, na kukausha mpira wa kuzuia uvujaji kwenye koki ya kutolea bia. Sasa huangalia kwamba duara la moto ni dogo kuliko kitako cha sufuria kwa sentimita kadhaa kila upande. Sufuria yangu ina kipenyo cha sentimita 38, na pete ya nje ya jiko hili haizidi 22. Umbali kati ya matundu na kitako nao una maana. Kikiwa karibu mno, ncha za moto hugusa chuma kilicho baridi kabla gesi haijamaliza kuungua, na matokeo yake ni masizi na kaboni monoksidi. Kikiwa mbali mno, upepo ndio unaochemshwa.

Nililinunua jiko la aina hiyo hiyo, na hapo nikakutana na jambo la regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, jambo ambalo ni dogo lakini linawapotosha watu. Majiko ya presha ndogo, likiwamo hili, yametengenezwa kwa regyuleta ya kama milibari 30, ile ile ya jiko la ndani, wakati majiko ya presha kubwa hutaka regyuleta inayorekebishika ambayo inaweza kufika bari moja au zaidi. Kinachotofautiana si regyuleta peke yake, bali pia tundu la shaba linaloingiza gesi kwenye bomba. Niliwahi kulifunga lile jiko la tundu moja kwenye regyuleta ya jikoni kwa kudhani kwamba ndivyo nitakavyopata moto mdogo. Nilipata moto wa mshumaa. Kufanya kinyume chake, kulifunga jiko la presha ndogo kwenye regyuleta ya presha kubwa, ni hatari, kwani moto huruka juu ya matundu au huwaka njano na kutoa moshi. Anayetumia gesi asilia ya bomba naye anahitaji tundu lake, kwa sababu gesi hiyo huja kwa presha ya chini zaidi na nguvu yake kwa kila lita ni ndogo kuliko ya mtungi.

Rangi ya moto ndiyo taarifa ya kwanza ninayoisoma. Ukiwa wa buluu na ncha zake zimesimama, gesi inapata hewa ya kutosha. Ukiwa na ndimi za njano, nafungua kidogo kile kisahani cha hewa kilichoko mwanzoni mwa bomba. Baada ya miezi kadhaa ya kutopika, nililiwasha jiko likatoa njano tupu, na kufungua hewa hakukusaidia kitu. Sufuria ilikuwa nyeusi ndani ya dakika tano. Nilipolifungua nilikuta buibui amejenga ndani ya bomba la pete ya nje, utando mweupe mzito uliokaa pale pale hewa na gesi zinapochanganyika. Waya mmoja mrefu ulimaliza kazi. Siku hizi nikiliweka jiko hufunga midomo ya mabomba kwa kitambaa, na kabla ya kuwasha hupitisha waya hata kama sina sababu.

Niliwahi pia kupikia ndani ya stoo siku ya mvua, mlango ukiwa wazi, kwa imani kwamba mlango mmoja unatosha. Dakika 20 baadaye kichwa kilikuwa kinanigonga na miguu ilikuwa mizito. Nilizima, nikatoka, nikakaa kwenye mvua. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na harufu tunayoisikia kwenye gesi ya mtungi ni kemikali iliyoongezwa ili tuitambue ikivuja, haihusiani kabisa na sumu ya moto wenyewe. Gesi inayovuja nayo ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili, hivyo hujikusanya chini, shimoni, kwenye mtaro. Majiko mengi ya nje, likiwamo langu, hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika, kwa hiyo siondoki karibu nalo, na kila ninapofunga mtungi mpya hupaka maji ya sabuni kwenye maungio na kutazama kama kuna viputo. Mvua ikinyesha, sipiki.

Kuhusu miguu ya jiko sina mengi, isipokuwa kwamba lita 27 pamoja na sufuria yake zinakaribia kilo 35, na zikiwa zinachemka hutaki ziyumbe. Jiko la kwanza la nje lilikuwa refu la miguu mitatu, na kila nilipokoroga lilicheza. Hili la sasa ni fupi na limetanuka, jambo linalonilazimu kutumia pampu ndogo kuhamishia bia, maana haiwezi kuteremka yenyewe. Nimekubali.

Jumamosi iliyopita nilipika tena. Kipimajoto kilipofika 97 nilizima pete ya nje kabisa, nikasimama na mwiko mkononi. Povu lilipanda hadi vidole viwili chini ya ukingo, likasimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha likapasuka katikati na kuonyesha maji ya rangi ya kahawia yakijigeuza chini yake. Niliwasha pete ya nje kwa moto wa chini, nikatia hopsi za kwanza, nikaangalia saa.

Lile jiko la tundu moja bado ninalo. Nalitumia kuchemsha maji ya kuoshea vyombo.